Taraza ya Mjakazi

Kerubo alikuwa mtu wa kusoma nguo. Kabla hujamtajia jina lako alikuwa ameshaona kwamba kola yako ilifuliwa kwa mkono, kwamba kifungo cha pili si cha jamii moja na cha kwanza, na kwamba pindo la sketi yako lilishushwa mara moja ulipoongezeka urefu au mara mbili ulipokosa nyingine. Hakuwa mmbea. Macho yake yalikuwa yamezoea hivyo. Alipomaliza darasa la nane kule Nyamira, wazazi hawakuweza kumpeleka mbele zaidi, wakampeleka chuo cha ufundi kujifunza ushonaji mwaka mmoja, na mwaka huo mmoja ulikuwa umemlisha tangu hapo.

Sasa alikuwa na miaka arobaini na sita. Mumewe, Cornelius Mutai, alitengeneza kompyuta katika ofisi moja mjini Doha, na mtoto wao alikuwa mmoja tu, Chelsea, wa miaka kumi na miwili. Waliishi Al Thumama, upande wa nyuma wa nyumba kubwa iliyogawanywa kwa wapangaji, mahali ambapo ndege zilipita chini kiasi cha kutetemesha vikombe kabatini. Cherehani ilikaa chini ya dirisha. Wanakwaya walimletea sare, mabibi harusi walimletea vitenge, na manesi walimletea suruali za kazi zilizobana. Kwa kifupi, alikuwa ametulia. Na kwa kuwa alikuwa ametulia, alikuwa na wasiwasi. Alikagua jiko la gesi mara tatu kabla ya kutoka. Chelsea akipanda metro, mama yake alimpigia simu kumuuliza amefika kituo gani, kisha akakaa kimya simuni mpaka kituo kinachofuata.

Jumapili moja alasiri, ambayo Doha ni siku ya shule kama nyingine, Chelsea aliingia mbio, begi la shule likiwa limening'inia bega moja.

"Mama! Nimepata! Nimepata mjakazi!"

Kerubo alikuwa ameshika pini nne kwa midomo. Alizitoa moja moja.

"Umepata nini?"

"Mjakazi. Kwa mchezo wa Siku ya Historia. Ni wa Wafranki, wale watu walioingia Galia zamani baada ya Warumi kuishiwa nguvu, ndiyo maana siku hizi panaitwa Ufaransa. Na Madam Olivia amesema nguo zote utashona wewe. Atakupigia."

"Ngoja. Bibi mwenye nyumba ni nani?"

"Cheryl."

"Na bwana?"

"Rodney."

"Na wewe ndiwe mtumwa wao."

"Mjakazi, Mama. Mimi ndiye nina maneno mengi kushinda wote. Cheryl ana mistari kumi na moja tu, na mitano ni ya kuniita."

Kerubo alichukua pini zake na kuzichoma ndani ya kimto kidogo cha bluu kilichokaa daima kwenye bega la cherehani. Alizichoma kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Katika shule yenye watoto wa mataifa thelathini, mtoto wake ndiye alitafutiwa utumwa. Alimwambia Chelsea aende akanawe mikono, akakaa akiutazama ukuta.

Kesho yake asubuhi alivaa gauni lake la Ijumaa, siku ambayo Wakristo wa Doha huenda kanisani, ingawa ilikuwa Jumatatu, akaenda shuleni.

Olivia, mwalimu wa historia, alikuwa Mkamba wa Machakos, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kufika nyuma ya darasa. Alimkaribisha Kerubo kwenye kiti kidogo cha mwanafunzi.

"Mama Chelsea, najua kilichokuleta," alisema kabla ya salamu kuisha. "Nafasi zote ziliandikwa kwenye vikaratasi, vikatiwa kwenye kopo la maziwa ya unga, kila mtoto akavuta. Wako alipovuta hicho, hata mimi roho iliruka. Nikamwita pembeni nikamwambia, tunaweza kuvuta upya. Unajua aliniambia nini?"

"Alikuambia nini huyo?"

"Ati, 'Madam, mjakazi ndiye anaendesha hiyo nyumba.' Alikuwa ameshasoma mchezo wote."

Kerubo alicheka kidogo bila kutaka. Olivia akamfungulia kitabu cha picha, na hapo ndipo mwalimu alipompata, kwa sababu kitabu chote kilikuwa nguo.

Kerubo aliinama juu ya zile picha kama mtu aliyekutana na jamaa. Hawa Wafranki walikuwa watu wa kusomeka! Mfalme hakukatwa nywele tangu kuzaliwa. Zilishuka hadi mabegani, na ukitaka kumwondolea ufalme, ulichukua mkasi. Mwanamume huru alivaa kanzu fupi ya kufika magotini, suruali, na vitambaa virefu vilivyozungushwa miguuni kutoka kifundo hadi chini ya goti. Mkanda wake ulikuwa mpana na bizimu yake ya chuma ilikuwa kubwa kama kiganja. Bibi wa nyumba alivaa gauni juu ya gauni, la juu limebanwa kwa bizimu za dhahabu zenye mawe mekundu, na kiunoni zilining'inia funguo zake, kichana na kisu kidogo, ili kila aliyemsikia akija ajue nani anafungua ghala. Wagalia, wenyeji, walipenda mistari na mirabaraba ya rangi kali. Warumi waliwacheka zamani kwa kuvaa suruali, mpaka baridi ilipowafunza adabu wakazivaa wenyewe.

"Mirabaraba hii," Kerubo alisema akigusa picha, "nina shuka ya Kimasai nyumbani. Ukiiona kwa mbali huwezi kubisha."

"Nilijua nimempata fundi."

"Na huyu?" Kidole chake kilikuwa kimefika pembeni mwa ukurasa, kwa msichana aliyebeba mtungi.

"Huyo ndiye Chelsea. Yeye ni rahisi. Kitambaa kisichotiwa rangi, kifupi, kamba kiunoni badala ya mkanda. Bila bizimu, bila taraza ya kupamba pindo. Na pindo usilikunje, Mama Chelsea. Liache litoke nyuzi."

"Nisikunje pindo?"

"Usikunje."

Alitoka shuleni akiwa na karatasi ya vipimo vya watoto saba na moyo uliogawanyika katikati.

Wiki mbili zilizofuata zilikuwa za furaha, hilo hawezi kulikana mtu. Alizunguka maduka ya vitambaa karibu na Souq Waqif, akibishana na wauzaji kwa Kiarabu chake cha kuokoteza, akapapasa majora mpaka vidole vikachoka. Bizimu za Cheryl alizitengeneza kwa vifuniko vya soda, akavipaka rangi ya dhahabu na kubandika vifungo vyekundu vinavyong'aa katikati. Funguo za mkandani zilitoka kwenye kufuli kuukuu za Cornelius. Jioni moja alimkalisha mumewe kwenye kochi na kumzungushia vitambaa miguuni ili ajue urefu wake.

"Sasa mimi ni mfalme ama nimevunjika miguu?" Cornelius aliuliza.

"Nyamaza, Baba Chelsea. Mfalme hana kipara."

Chelsea alicheka mpaka akajimwagia chai.

Gauni la mjakazi alilichelewesha hadi mwisho. Alikata pamba nzito ya rangi ya uji, akaishona mabega na ubavu, akafika kwenye pindo, na mkono ukakataa. Hebu fikiria. Mwanamke ambaye hajawahi kumtoa mtoto nje ya mlango bila kumpigia pasi hata soksi, aambiwe amsimamishe mbele ya wazazi mia tatu akiwa anatoka nyuzi! Alikunja pindo. Akalishona mara mbili. Kisha akatazama mezani, akaona kipande cha taraza kilichobaki kwenye gauni la bibi, nyekundu na dhahabu, kinachotosha tu kuzunguka chini. Kidogo tu, alijiambia. Kwa mbali hakitaonekana. Baada ya hapo shingo ikaonekana kuwa tupu, akatia kingine. Kwa ndani akaweka bitana laini ili mtoto asiwashwe. Alipomaliza alilipiga pasi, akalitundika, akarudi nyuma hatua tatu, akaridhika.

Mazoezi ya mwisho yenye nguo yalikuwa Jumatatu. Siku ya Historia ilikuwa Alhamisi.

Saa tisa alasiri siku hiyo Chelsea hakuingia mbio. Aliingia polepole, na nyuma yake aliingia Mwalimu Olivia, mfuko wa nguo mkononi. Kerubo alijua kabla ya yeyote kufungua mdomo.

"Hodi, Mama Chelsea. Nguo ni nzuri ajabu. Walimu wote wanakuulizia."

"Lakini?"

Olivia alikaa. "Kuna mahali ambapo bwana anarudi kutoka vitani na kumkabidhi mkewe joho lake. Rodney si mtoto wa kukumbuka mambo. Nilikuwa nimemwambia, ukisahau, angalia tu aliyevaa vizuri umpelekee. Basi akaangalia."

"Akaniletea mimi," alisema Chelsea, akiwa bado amesimama mlangoni.

"Akampigia goti na kumwita mke wangu. Darasa la sita lote lilianguka chini kwa kicheko. Cheryl akalia, ati mjakazi amemshinda uzuri, hataki tena. Nikawauliza wale watoto waliokuwa wakitazama, bibi wa nyumba ni yupi? Zaidi ya nusu wakamwonyesha Chelsea." Olivia alilitoa lile gauni la rangi ya uji na kulitandika juu ya magoti yake. "Mchezo wote unaongea kwa nguo, mama. Hawa watu walikuwa hivyo. Mwishoni mjakazi anaachiwa huru mbele ya mfalme, anapewa mkanda. Kama tangu mwanzo anaonekana bibi, anapewa nini?"

Kerubo aligusa taraza ya pindo kwa kidole kimoja.

"Sitakulazimisha," mwalimu alisema, na sasa sauti yake ilikuwa ya chini. "Mimi pia ni mwanamke mweusi katika mji huu, najua macho ya watu. Ukiona jambo ni zito, niambie kesho asubuhi. Nitampa mtoto mwingine nafasi hii, na Chelsea atakuwa muuza samaki sokoni. Hana maneno, lakini ana kapu zuri."

Alipokwisha kuondoka, ndege moja ikapita na vikombe vikaongea kwa niaba yao.

"Muuza samaki si mbaya," Kerubo alijaribu.

"Mama, nimekariri kurasa sita."

"Najua."

"Nimekariri mpaka za Rodney, ndiyo nimwambie akisahau." Machozi yalikuwa yameshakaribia. "Wewe unanionea aibu. Unaona watu watasema huyo ni mtoto wa nani. Si ungesema tu?"

Lile neno, aibu, lilimchoma Kerubo mahali ambapo hakuwa ametarajia. Aliinuka kama mtu anayekwenda kutazama sufuria, akafika katikati ya chumba, akasimama. Hapakuwa na sufuria motoni. Akarudi na kukaa kwenye kiti cha cherehani.

"Niletee hicho kimto cha pini," alisema.

Chelsea alimletea. Alikuwa amekiona siku zote za maisha yake. Kilikuwa cha kitambaa cha bluu, na ukingo mweupe umekizunguka.

"Unajua kilitoka kwenye nini?"

"Mabaki."

"Ni mkono wa sare. Ya kadama."

Chelsea alikitazama kile kimto, kisha akamtazama mama yake.

"Baba yako anajua. Wewe sikukwambia. Kabla ya kuolewa nilikuwa hapa miaka minne, Umm Salal, kwenye nyumba moja karibu na mashamba. Nilipika, nilifua, nililea mtoto. Sare yangu ilikuwa hiyo. Nikienda na madam madukani naivaa. Ijumaa naivaa. Mtu akiniona kwa mbali hana haja ya kuuliza."

"Walikupiga?"

"Hapana. Yule madam hakuwa mbaya. Mtoto wake alinililia uwanja wa ndege hadi akatapika." Kerubo alizungusha kile kimto vidoleni. "Lakini mimi nilikuwa fundi, unaelewa? Nilikuwa nairekebisha sare hiyo kwa macho tu kila siku. Nikapata kipande cha lesi, nyembamba kama kidole, nikakishona kwenye mikono. Hapa na hapa. Nikajiona mtu. Kukawa na wageni, na madam akaiona. Akaniita jikoni, hata hakupandisha sauti. Akasema niifumue, kwa sababu wageni hawatajua nani ni nani. Nikachukua wembe nikafumua."

Nje mtu alikuwa akifunga mlango wa gari. Chelsea alikuwa amekaa chini sakafuni, karibu na miguu ya mama yake, bila kujijua.

"Basi Madam Olivia aliponiambia pindo lisikunjwe," Kerubo alisema, "nilisikia sauti ile ile. Sikukuonea aibu wewe."

Kerubo alimchunguza uso kama anavyochunguza kitambaa asichokijua, akiogopa kitajikunja wapi. Aliogopa huruma. Zaidi ya huruma aliogopa kwamba kuanzia siku hiyo Chelsea angepita karibu na wale dada wenye sare kule bustanini na kutazama upande mwingine.

"Miaka minne?" Chelsea aliuliza hatimaye.

"Minne na miezi miwili."

"Kwa hivyo unajua kubeba sinia?"

"Sinia gani?"

"Mama! Madam Olivia ananiambia kila siku sinia naibeba kama mtu wa kwenda kutupa takataka. Na mimi nina mtu hapa nyumbani ana uzoefu wa miaka minne, anajificha!"

Kerubo alipasuka kicheko. Kilitoka kwa nguvu hata akashika meza. Chelsea naye akacheka, kisha akalichukua gauni na kugeuza pindo lake.

"Hii taraza tuitoe. Lakini usiitupe. Ishone kwa ndani, huku ambako hakuna mtu anaona."

"Kuna faida gani ikiwa haionekani?"

"Mimi nitajua iko."

Kerubo alichukua wembe. Alifumua taraza ya shingo, akafumua ya pindo na mkunjo wake, uzi kwa uzi. Kingo za kitambaa alizivuta mwenyewe mpaka zikatoka nyuzi. Ile nyekundu na dhahabu aliishona upande wa ndani, juu kidogo ya nyuzi zinazoning'inia. Alimtumia mwalimu ujumbe wa maneno mawili: *Nimefumua. Anacheza.*

Jumanne na Jumatano sebule yao iligeuka shule. Kerubo hakuwa amewahi kumfundisha Chelsea somo lolote tangu darasa la tatu, hesabu zilipomzidi. Sasa alisimama katikati ya chumba akitoa amri.

"Sinia haishikwi kwa vidole, inalala kwenye mkono. Viwiko ndani. Usimtazame bibi usoni, mtazame mikono. Mikono ndiyo inakwambia anachotaka kabla mdomo haujafunguka."

"Hivyo?"

"Afadhali. Sasa sikiliza. Kila madam duniani ana mahali pake pa kupitisha kidole kutafuta vumbi. Wangu ilikuwa juu ya redio. Mengine yote hakuyaangalia. Basi ukimwona amenyoosha kidole, wewe kwanza unapita na mkono wa nguo yako, fyu, kama unapita tu."

"Na Cheryl je? Hana redio."

"Ana nini?"

"Sanduku la mahari."

"Basi ndilo hilo. Mwambie apitishe kidole."

Cornelius aliporudi kazini alilazimishwa kuwa bibi wa nyumba. Alipitisha kidole juu ya televisheni kwa madaha makubwa, na Chelsea akapita mbele yake, fyu. Cornelius alimtazama mkewe juu ya kichwa cha mtoto. Aliona kwamba jambo limeshasemwa. Hakuuliza.

Alhamisi ukumbi wa shule ulijaa. Wazazi walikuja na kanzu nyeupe, na abaya, na sari, na suti za kutoka ofisini na vitambulisho vikiwa bado shingoni. Kerubo aliwasoma wote kwa kupitisha macho mara moja. Cornelius alikuwa amekwama kazini na kuahidi kufika katikati, kwa hiyo Kerubo aliweka mkoba wake kwenye kiti cha pembeni kumwekea nafasi. Alikaa karibu na ukuta. Nyuma yake tu, alikuwa amesimama dada mmoja wa umri kama wa miaka ishirini na mitano, mweusi, mwenye sare ya rangi ya damu ya mzee na kola nyeupe, akiwa amembeba mtoto mdogo aliyelala begani. Waajiri wake bila shaka walikuwa viti vya mbele. Kerubo alimwona, kisha akageuza macho haraka kuelekea jukwaani, na kitendo hicho hakikumpendeza yeye mwenyewe.

Pazia likafunguka. Mfalme akaingia na nywele za sufi hadi kiunoni. Rodney akaingia, na kitambaa cha mguu wake wa kushoto kikaanza kujifungua kikimfuata kama mkia. Kerubo alifunga macho. Wagalia wa shuka ya Kimasai walipigiwa makofi. Funguo za Cheryl ziliimba kila alipopiga hatua, na ilikuwa wazi kabisa nani mwenye ghala.

Kisha Chelsea akatoka na sinia.

Alikuwa mdogo ndani ya lile gauni. Nyuzi zilining'inia miguuni. Kamba ya katani ilikuwa kiunoni. Sinia ililala kwenye mkono wake kama iliyozaliwa hapo, viwiko ndani, macho kwenye mikono ya bibi. Hakuna aliyeuliza mtoto yule ni wa nani. Walikuwa wakimtazama tu, ukumbi mzima, wasitake kukosa atakachofanya.

Cheryl alinyoosha kidole, akakisogeza kuelekea sanduku la mahari kwa kiburi cha kupendeza. Chelsea akapita mbele yake. Fyu.

Kabla ya mtu mwingine yeyote kuelewa, nyuma ya Kerubo kicheko kilitoka. Kilikuwa kifupi, cha ghafla, kilichokimbilia puani kwa sababu mdomo ulizibwa. Na Kerubo alikuwa anacheka wakati huohuo, sauti yake na ile zikaruka pamoja, mbili peke yake katika ukumbi wa watu mia tatu. Ndipo wengine wakafahamu, na kicheko kikasambaa hadi mbele.

Kerubo aligeuka. Yule dada alikuwa ameinamisha uso begani mwa mtoto, mabega yakitikisika.

"Wangu ni juu ya friji," dada alinong'ona, alipoona anatazamwa na uso wa nyumbani.

"Wangu ilikuwa redio," Kerubo akanong'ona.

Dada alimkodolea macho. Alitazama gauni la Ijumaa, mkoba, pete. Kisha akatabasamu polepole. Aliitwa Phoebe, na alikuwa wa Busia, upande wa Uganda, alivyosema baadaye.

Mchezo ulifika mwisho wake. Mjakazi aliletwa mbele ya mfalme, sarafu moja ikiwa juu ya kiganja chake kilicho wazi. Bwana wake aliipiga ile sarafu ikaruka juu na kuanguka, kwa kuwa ndivyo Wafranki walivyomwachia mtu huru, na Rodney, ambaye hakumbuki mambo, alikumbuka hilo. Cheryl akafungua mkanda wenye bizimu na kumfunga Chelsea kiunoni. Chelsea akainama kuokota sarafu. Pindo la nyuma likainuka kidogo, na kwa muda wa kupepesa jicho, nyekundu na dhahabu zikaonekana, kisha zikajificha tena.

Ukumbi ulikuwa ukipiga makofi. Hakuna aliyeona.

"Dada," Phoebe alisema sikioni mwake, "hiyo nguo ina taraza kwa ndani."

Kerubo aligeuka tena. "Umeiona?"

"Nimeiona alipoinama. Nani anaficha kitu kizuri hivyo?"

"Mimi," Kerubo alisema. "Huyo ni binti yangu."

Aliuinua mkoba wake kutoka kwenye kiti, akauweka chini miguuni. Cornelius angesimama, alikuwa na miguu.

"Keti, mdogo wangu. Huyo mtoto ni mzito, na bado kuna hotuba ya mwalimu mkuu."

Phoebe alitazama viti vya mbele. Hakuna kichwa kilichogeuka. Akakaa, polepole ili asimwamshe mtoto, na Kerubo, ambaye mkono wake haukuweza kuacha kitu kikining'inia, alimshika mkono wa sare na kuanza kukunja vizuri ukingo uliokuwa umefumuka.

"Kesho ni Ijumaa," alisema. "Wanakupa nafasi ya kutoka? Basi njoo na sare hii Al Thumama. Nina uzi wa rangi hii hii."